Jicho la Mpiga Tarumbeta

Tangu mpiga tarumbeta arudi kutoka chumba cha upasuaji, kila kitu ndani ya nyumba yake kilikuwa kimepanda juu. Masufuria yaliyozoea kulala rafu ya chini yalihamia mezani. Viatu vilipangwa juu ya kabati, ncha zikiuangalia ukuta kama watoto waliopewa adhabu. Kikapu cha vitunguu kilining'inia kwenye msumari uliokuwa wa kalenda, na kalenda yenyewe ikatafutiwa pa kwenda. Mkewe, ambaye alikuwa dobi, alikuwa ameamua kwamba hakuna kitu chochote humo ndani ambacho mwanamume huyo angelazimika kukiinamia. Kazini kwake alipiga pasi kwenye meza iliyomfika kiunoni, na kwa miaka mingi aliamini kwamba dunia ingekuwa na migongo michache inayouma kama ingepangwa kwa kimo cha meza ile. Sasa alikuwa amepata nafasi ya kuipanga walau nyumba moja.

"Soksi zangu ziko wapi?" mumewe aliuliza asubuhi moja.

"Juu ya friji."

"Soksi juu ya friji. Mgeni akiingia atasema nini?"

"Atasema mwenye nyumba ana mke anayempenda. Kaa hapo nikuvishe."

"Nivishwe soksi na utu uzima huu?"

"Utu uzima uko kichwani, baba watoto. Miguu bado ya kitoto. Lete."

Alikaa, akauleta mguu, naye akamvisha taratibu, akikagua kila kidole kama walivyofundishwa kliniki ya sukari. Utani wa namna hiyo ulikuwa na kazi yake, maana chini yake kulikuwa na hofu ambayo hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza kuitamka. Jicho la kushoto la mumewe lilikuwa limezimika miaka michache nyuma. Lilijaa damu ambayo haikuondoka, kisha kovu, na kovu likavuta kila kitu kilichokuwa nyuma yake. Lilizimika wakati yeye bado akiichukulia sukari kama mgeni wa kupita, ambaye angechoka mwenyewe na kwenda zake. Lilibaki jicho la kulia. Ndani ya hilo moja ndimo ulimokuwa uso wa mkewe, njia ya kwenda kwenye mazoezi ya bendi na karatasi za muziki ambazo bado alizisoma kwa kuzisogeza karibu na pua.

Daktari aliyelipasua alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini na subira ya mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Aliwaeleza yote kabla na baada. Sukari iliyokaa juu kwa muda mrefu imeziba mishipa midogo nyuma ya jicho, alisema, na jicho kwa njaa yake limeota mishipa mingine mipya, dhaifu, inayopasuka kwa jambo dogo. Siku chache kabla ya upasuaji alichoma ndani ya jicho dawa ya kuinyausha mishipa hiyo ili isimwage damu wakati wala baada ya kazi. Kisha akauondoa ute uliochanganyika na damu, akaichoma kwa leza sehemu iliyokuwa ikidai damu isiyopatikana.

"Sehemu yangu nimemaliza," alisema siku ya kuwaruhusu. "Inayobaki ni yenu, nayo si ndogo. Ile mishipa imelala, haijafa. Wiki hizi za kwanza ndizo damu hupenda kurudi. Lala kichwa kikiwa juu, kwenye mito. Usiiname, usinyanyue mizigo, usilisugue jicho. Sukari na presha msiziache zicheze. Hata chooni, usijikaze. Chochote kinachokufanya ubane pumzi na kusukuma, kiache. Kazi yako ni gani, mzee?"

"Mimi ni mwalimu," mpiga tarumbeta alijibu.

"Vizuri. Kazi nyepesi," daktari alisema, na kabla hajauliza jingine muuguzi aligonga mlango kumwita kwa mgonjwa mwingine.

Mpiga tarumbeta hakuwa amedanganya. Bendi ya matarumbeta ya kiwanda cha sabuni ilikuwa imeishi muda mrefu kuliko kiwanda chenyewe; mitambo iliuzwa zamani kama vyuma chakavu, lakini kila jioni ya mazoezi bado palitoka sauti ndani ya ghala lililoendelea kunukia sabuni. Humo ndani, yeye aliyekuwa tarumbeta ya kwanza ndiye aliyewafundisha wote waliokuja nyuma yake, na wote walimwita Mwalimu. Na somo lake la kwanza, ambalo mkewe alilijua kwa moyo kama anavyolijua jina lake, lilikuwa hili: tarumbeta haipigwi kwa nguvu. "Ukijikaza umeshapotea," aliwaambia wanafunzi. "Nguvu tuwaachie wabeba mizigo. Sisi tunapumua tu, na chuma kikisikia raha kinaimba chenyewe." Alikuwa amelisema hilo kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na amewafukuza chumbani watu waliojitutumua mbele yake. Kwa hiyo daktari alipokataza kujikaza, mume na mke walirudi nyumbani wakiwa wameshagawa dunia sehemu mbili. Upande mmoja waliweka ndoo, magunia na mitungi ya gesi. Upande wa pili, pamoja na chai na maongezi, waliiweka tarumbeta.

Tena ni yeye mke aliyeileta. Alimkuta siku moja amekaa kitini karibu na dirisha, kichwa wima kama alivyoagizwa, vidole vya mkono wake wa kulia vikibonyeza paja, kimoja, viwili, kimoja, kwenye vitufe visivyokuwepo. Moyo ulimuuma. Alifungua sanduku, akaifuta tarumbeta kwa kitambaa laini alichokitumia kwa tai za wateja, akamwekea mapajani.

"Piga kidogo. Ukimya huu utakuua kabla ya sukari."

Mumewe aliishika bila kuinua. "Daktari amesema nisibebe vitu."

"Vitu vizito. Hii ina uzito gani?"

Aliipima mkononi, akiwa na uso wa hakimu. "Kama kuku. Kuku mwembamba, wa kuuziwa mtu asiyejua kuku."

Walicheka wote wawili, naye akapiga.

Huenda mambo yangeishia kwenye vipande vifupi vya kujiliwaza lau si ujio wa Ngurumo. Huyo alikuwa mpiga ngoma kubwa wa bendi, mtu mpana mwenye goti bovu, rafiki wa mumewe tangu enzi walipokuwa vijana wakikoroga sabuni kwenye pipa moja. Alikuja kumjulia hali, akaketi, akaangalia viatu juu ya kabati, akaangalia kikapu cha vitunguu.

"Shemeji, mmehama au mmeingiliwa na mafuriko?"

"Tumeingiliwa na daktari," mke alijibu. "Karibu chai. Sukari usiulize."

Ngurumo alikunywa chai ile chungu bila kukunja uso, jambo ambalo kwake lilikuwa heshima kubwa, kisha akasema alichokuja kusema. Anastaafu. Goti limekataa kabisa, na mkono wa kushoto umeanza kutetemeka. Juzi alipiga pigo lisilokuwepo kwenye wimbo, na vijana kwa adabu wakajifanya hawakusikia. "Adabu ile ndiyo iliyonimaliza," alisema.

Bendi ilikuwa na namna yake ya kumtoa mtu. Anayestaafu huvua koti lake la bendi, akalitundika ukutani, akatoka mlango wa ghala na kuuvuka ua kwa miguu yake mpaka nje ya lango. Tangu anapovuka kizingiti, tarumbeta ya kwanza hushika sauti moja, wala haiiachi mpaka lango limempitisha. Sauti hiyo haikatiki. Ikikatika njiani, wanabendi husema mtu hakusindikizwa, amefukuzwa. Mumewe ndiye aliyewatoa wote waliotangulia, na hakuna hata mmoja aliyefukuzwa.

"Mimi na goti hili," Ngurumo alisema, "ule ua ni safari ya mchana kutwa. Utapasuka mapafu, ndugu yangu."

"Wewe tembea unavyotaka. Simama njiani ufunge kamba za viatu. Utanikuta bado nipo."

Kuanzia siku hiyo alianza kuijenga ile sauti. Mke aliisikia kutoka jikoni, akiwa anakunja nguo za nyumbani, ikitoka chumba cha nyuma: nyembamba mwanzoni, kisha ikinyooka, ikisimama pale pale hewani bila kuyumba, ikirefuka kila siku kupita jana yake. Aliacha shati mkononi akasikiliza. Aliona fahari. Aliona pia, na hili ndilo lililomtesa baadaye, kwamba nyumba yao imepona.

Ilikuwa asubuhi, wamekaa kwenye chai, mumewe alipogeuza kichwa huku na huko kama mtu anayetafuta nzi.

"Mama watoto, kuna kitu umeacha jikoni kinaungua?"

Alinusa. Palinukia chai na wanga wa nguo. "Hakuna."

"Mbona moshi?"

Mke aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kikombe ndicho kilichokuwa hatarini. Hapakuwa na moshi. Palikuwa na jua safi la asubuhi juu ya kitambaa cha meza, na mumewe alikuwa akiupungia mkono mbele ya uso wake moshi ambao yeye peke yake aliuona.

"Ulianza lini?"

"Nimeamka nao. Nilidhani ni usingizi." Kisha, kwa sauti aliyoilazimisha iwe ya kawaida, akaongeza: "Una nyuzi nyuzi, nyekundu kidogo. Ukitulia hauna neno."

"Inuka. Tunakwenda."

"Nimalizie chai."

"Chai itamaliziwa na sinki. Inuka, mume wangu, taratibu, usiiname."

Kliniki, daktari aliegemeza kidevu cha mgonjwa kwenye mashine, akaupitisha mwanga mwembamba ndani ya jicho, akatazama kwa muda ambao mke aliuona mrefu kuliko upasuaji wenyewe. Alikuwa amekaa nyuma yao, mkoba mapajani, akiusoma mgongo wa daktari kama watu wanavyosoma mawingu.

"Kuna damu," daktari alisema hatimaye. "Si nyingi, lakini ni mpya. Mzee, umenyanyua nini?"

"Sijanyanyua hata mto," alijibu.

"Ni kweli, daktari," mke alidakia. "Viatu viko kabatini juu. Soksi namvisha mimi. Choo nimemlainishia kwa maji na papai alilopimiwa. Sukari hii hapa, angalia mwenyewe kwenye kipimo, wala haijaruka. Presha nzuri. Matone ya jicho namtia kwa saa. Amelala kwenye mito mpaka shingo imempinda."

Daktari alitazama kipimo, akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. Wagonjwa wengi wangetamani kuwa na namba zile. "Haya. Jana mchana ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikaa."

"Umekaa tu?"

"Nimekaa, napiga tarumbeta."

Nje, mtu aliita jina la mgonjwa anayefuata kwenye foleni, akaambiwa asubiri.

"Ulisema wewe ni mwalimu."

"Wa tarumbeta," alisema. "Lakini sijikazi, daktari. Hilo ndilo ninalofundisha. Anayejikaza hapigi, anapuliza moto. Mimi hupumua tu."

"Mnayo video yoyote akipiga?"

Mke alitoa simu. Alikuwa nayo, alikuwa nazo nyingi, na ile ya karibuni aliirekodi siku iliyopita kupitia mlango ulioachwa wazi, kwa mapenzi, bila mumewe kujua. Waliitazama yeye na daktari, vichwa vikigusana, huku mpiga tarumbeta akisikia sauti yake mwenyewe ikinyooka ndani ya kile chumba kidogo. Mumewe alikuwa ametulia kwenye picha, mabega yameshuka, uso umepumzika. Alivyokuwa akifundisha ndivyo alivyokuwa. Isipokuwa shingo. Shingo ilikuwa imejaa, na katikati ya paji la uso mshipa mmoja ulikuwa umesimama, mnene kama mzizi, ukienda kuzama kwenye nywele.

Mke aliujua mshipa huo. Ndio uliomfanya, zamani, akiwa msichana aliyetumwa kupeleka makoti ya bendi yaliyopigwa pasi, asimame mlangoni mwa ghala na kusahau kuondoka. Aliona mtu asiyefanya jitihada yoyote, na mshipa mmoja uliomsaliti, ukisema kwamba ndani yake kuna kazi kubwa inafanyika kimya kimya. Aliupenda mshipa huo kabla hajalijua jina la mwenyewe. Na sasa daktari alikuwa ameuwekea ncha ya kalamu juu ya kioo cha simu.

"Unauona, mama?"

"Nauona."

"Ukisimama hivi huku nje, na mule ndani ya jicho mambo ni hivyo hivyo. Siwezi kuapa kwamba tarumbeta ndiyo iliyoitoa damu. Wakati mwingine hutoka yenyewe, bila mtu kukosea chochote. Ila kama ningetaka kuichokoza mishipa ile iamke, hii sauti ndefu ndiyo ningeichagua." Alimgeukia mgonjwa wake. "Mishipa haijui unavyofundisha, mzee. Inajua presha tu. Na mimi nilipaswa kuuliza mwalimu wa nini. Hilo nalibeba mimi."

Akawaambia yanayofuata. Damu hii ni kidogo, na ikiachwa kwa utulivu huenda ikashuka na kunywewa na jicho lenyewe. Mito iendelee, dawa ziendelee, arudi akaguliwe. Ikiongezeka, sindano nyingine, au warudi chumba cha upasuaji, na jicho lenye majeraha si kitu cha kufunguliwa kama sanduku. Tarumbeta, hapana, mpaka atakapoambiwa na yeye daktari kwa kinywa chake.

"Rafiki yangu anastaafu wiki ijayo," mpiga tarumbeta alisema. "Ni sauti moja tu. Nikitoka hapo, hata mwaka sitaigusa."

"Sauti moja ndiyo ninayoiogopa kuliko wimbo mzima."

Walirudi nyumbani. Mchana, ulipofika wakati wa matone, alikaa kitini akaegemeza kichwa nyuma, naye mke akasimama juu yake na kichupa, akalivuta kope la chini kwa kidole.

"Ni mimi niliyeileta," alisema. "Nilikuwekea mapajani kwa mikono hii."

"Ulinipa nilichokuwa nakitaka."

"Bora ningekupa redio."

"Ningekupa talaka." Alitabasamu na jicho wazi, akingoja tone. Lilianguka, akafumba. "Usijilaumu, mke wangu. Mimi ndiye niliyewadanganya watu miaka yote kwamba kazi hii haina nguvu. Nikajidanganya na mwenyewe. Lakini nifanyeje kuhusu Ngurumo? Nikimwachia atoke kwa ukimya, atatoka kama aliyefukuzwa. Nitapiga kwa upole. Nitaipiga chini chini."

Mke alifunga kichupa. Angeweza kulificha sanduku, na alishalitafutia mahali kwa macho tangu walipoingia. Lakini alijua kuwa mtu anayefichiwa tarumbeta atakopa ya jirani yake.

"Kila asubuhi nikitoka kwenda kazini," alisema polepole, "unaniambia kola imekaa vibaya, au imekaa vizuri. Miaka yote. Mimi ndiye dobi, kola za mji mzima zinapita mkononi mwangu, lakini yangu siioni. Unaiona wewe. Sasa unataka tuzeeke ukinitambua kwa harufu ya wanga?"

"Ni harufu nzuri."

"Najua ni nzuri. Nakuuliza inatosha?"

Machozi yalimtoka mumewe pamoja na dawa, mke akayapangusa kwa kitambaa kisafi, akigusa shavu tu, mbali na jicho.

Siku iliyofuata, baada ya kazi, alipita kwa Ngurumo akamwambia yote, bila kupunguza wala kutia chumvi. Ngurumo alisikiliza, goti limenyooshwa juu ya kigoda. Alipomaliza, mzee huyo alivaa viatu vyake kwa taabu, akamfuata mpaka nyumbani, akasimama mbele ya rafiki yake bila kukaa.

"Nani anastaafu, mimi au wewe?"

"Wewe."

"Basi nisikilize mimi. Siku ile nikisikia ni wewe unayepiga, nageuka pale pale katikati ya ua. Narudi ndani, navaa koti, nakaa kwenye ngoma yangu na mkono huu unaotetemeka, naharibu kila wimbo mpaka nife. Mtaniona wenyewe."

"Sasa nani ataishika? Kidege hafiki nusu ya ua."

Kidege alikuwa tarumbeta ya pili, fundi mwashi wa kike, mwembamba, aliyekuja mazoezini na vumbi la saruji kwenye nyusi.

"Wapokezane," mke alisema. Hakuwa amepanga kusema. "Kidege na wale wawili wa nyuma. Mmoja akiishiwa mwingine awe ameshaingia."

"Sauti ya kugawana," mumewe alisema kwa uchungu, "hiyo ni kama nguo ya mnadani. Kila mtu atasikia viraka."

"Kiraka kikishonwa na fundi hakionekani. Mimi nimepiga pasi mashati ya matajiri yenye viraka, wenyewe hawajui."

"Na kama kitaonekana," Ngurumo alisema, akikaa sasa, "kionekane. Kuna kitu nataka, nami sijawahi kukuomba kitu. Nataka nikija hapa mwezi ujao, na miaka mingine nikijaliwa, unione uso wangu huu mbaya. Sauti yako nimeshaisikia ya kutosha."

Mpiga tarumbeta aliinamisha kichwa, mkewe akamwinua kidevu kwa kidole kabla hakijafika mbali.

Basi kila jioni akapelekwa ghalani, akakalishwa kwenye kiti chenye mgongo mrefu, akafundisha bila kugusa chombo. Aliwafundisha namna ya kuingia chini ya sauti ya mwenzako kama mtu anayeingia chumba cha mtoto aliyelala. Sikio lake lilikuwa kali, hakuwasamehe kitu. Lakini jioni ya kwanza tu alifanya jambo lililowashangaza. Aliwasimamisha katikati ya sauti, akawaambia washike shingo zao.

"Ninyi mnapiga bila kujikaza?"

"Ndiyo, Mwalimu," walisema kwa mazoea.

"Shikeni hapa. Semeni kweli."

Kidege aliweka vidole vyenye saruji chini ya taya, akapiga, akaacha. "Panagonga kama nyundo, Mwalimu."

"Kumbe," alisema. "Basi tangu leo tujue kwamba ni kazi. Apumzike kila mmoja zamu yake."

Nyumbani moshi ulipungua siku kwa siku. Kwanza ukawa ukungu, kisha ukabaki kama ukingo wa kofia iliyoshushwa juu ya jicho, mweusi kwa juu, wazi kwa chini. Daktari aliangalia akasema damu inashuka. Hakusema zaidi, nao hawakumlazimisha.

Siku ilipofika, Ngurumo alivua koti lake mbele ya bendi nzima, akalitundika, akalipigapiga bega kama anayemuaga mtu. Mke alikuwa amelipiga pasi mwenyewe usiku uliotangulia, mikunjo yake imesimama kama kisu. Mpiga tarumbeta alisimama kando ya mlango, mikono nyuma, kofia kichwani kumkinga jua. Mke alisimama karibu naye, kiganja kikiwa mgongoni pake.

Ngurumo alivuka kizingiti, na Kidege akaianza sauti.

Sauti ilikuwa nyembamba kuliko ile watu waliyoizoea, lakini ilinyooka. Ngurumo aliburuta goti. Kidege alipokaribia ukingo wa pumzi zake, wa pili aliingia chini yake, na hapo palisikika mshono, mdogo, kama nyuzi mbili zisizotoka kwenye kidonge kimoja cha uzi. Ngurumo, aliyeusikia, alikanyaga mbele bila kugeuka. Kisha wa pili akadhoofu mapema kuliko mazoezini. Sauti ilianza kuyumba, ikatetemeka, na wa tatu alikuwa bado analowesha midomo.

Chini ya kiganja chake mke aliuhisi mgongo wa mumewe ukiwa mgumu. Kifua kilikuwa kimejaa na kimefungwa. Hakuwa na tarumbeta mkononi, lakini mwili wake mzima ulikuwa umeingia kuishika ile sauti isianguke. Mke alitazama juu, chini ya ukingo wa kofia, akauona mshipa ukiinuka pajini.

"Pumua," alimnong'oneza.

Hakusikia, au alisikia akashindwa.

"Baba watoto, toa pumzi. Waachie wenyewe."

Huko uani Ngurumo alisimama, mguu mmoja mbele, akasubiri kama mtu anayemsubiri mwenzake afunge mlango. Wa tatu akaingia. Sauti ikainuka tena, imekwaruzika kidogo, ikanyooka. Mgongo wa mpiga tarumbeta ukalegea chini ya kiganja, pumzi ikatoka mdomoni kwake ndefu, polepole, na mshipa ukalala.

Katika wote aliowatoa langoni, hakuwahi kumwona hata mmoja akiondoka. Alipiga akiwa amefumba macho tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa alimwona rafiki yake akiuvuka ua kwa kuyumba kushoto, mkono ukitafuta ukuta usiokuwepo, shati limetoka nyuma. Alimwona akifika langoni, akivua kofia bila kugeuka, na kuipachika tena. Kidege alipokea kwa mara ya mwisho na kuivusha sauti mpaka nje, kisha akaiacha.

Halafu kichwa cha Ngurumo kikachungulia kutoka nyuma ya nguzo ya lango, kinyume cha desturi yote.

"Imeisha? Nilidhani mmebakiza."

Ghala zima lilicheka, na Kidege akaketi chini palepale na tarumbeta yake.

"Umeona alivyovua kofia?" mpiga tarumbeta alimuuliza mkewe.

"Nimeona."

"Na mimi," alisema.